Shukrani kwa Sikio la Kulia

Jumapili ya tatu ya Agosti, baada ya matoleo na kabla ya matangazo ya ndoa, Komisheni ya Familia ya kanisa moja la Kamembe ilitangaza rasmi, kwa Kinyarwanda, kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili kwa ajili ya ndugu waliotoka ng'ambo ya daraja, kwamba mtoto hurithi kwa wazazi wake mtazamo wa maisha kabla hajarithi kitu kingine chochote. Kwamba nyumba ni darasa la kwanza na wazazi ni walimu wasiostaafu. Na kwamba, baada ya kutembelea nyumba kumi na tisa, Komisheni imeridhika kuwa nyumba ya Ndugu Muhigirwa na Maman Antoinette ndiyo Familia ya Mfano ya mwaka, kwa kuwa watoto wake wawili hawajapata kulalamika mbele ya majirani, mbele ya walimu, wala mbele ya Komisheni yenyewe, ambayo ilikaa nao saa tatu nzima.

Kama ushahidi, Maman Marguerite, mwenyekiti wa Komisheni, alisoma mstari mmoja kutoka daftari la nyumba hiyo. Ulikuwa mstari wa mtoto wa pili, Elikia, mwenye miaka kumi: "Ninashukuru kwa sababu moto za Kamembe hazipigi tena kelele." Kanisa likaitika Amina. Nje, kwenye kona, madereva saba wa hizo moto, yaani pikipiki za abiria, walikuwa wakimgombea abiria mmoja kwa honi, hivyo Amina ya pili ilibidi iitikiwe kwa nguvu zaidi.

Cheti kilikuwa na fremu. Muhigirwa alikipokea kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu, akaishukuru Komisheni, akalishukuru kanisa, kisha akaishukuru fremu, maana mazoea ni mazoea.

Muhigirwa ni fundi wa cherehani. Si mshonaji. Hutengeneza mashine ambazo wengine wanashonea, chini ya baraza moja la soko la Kamembe, kwenye mstari wa mafundi nguo. Alivuka daraja la Rusizi, kutoka Kongo kuingia Rwanda, akiwa kijana, na kisanduku cha bati chenye bisibisi sita, akitoka Kadutu, Bukavu, ambako aliacha kaburi la baba yake.

Baba huyo, Mzee Cirhuza, alikuwa mlalamikaji wa kiwango ambacho Kadutu, mahali penye mambo mengi ya kulalamikia, haikuwa imepata kukiona. Alilalamikia mvua, na mvua ilipokatika akalalamikia vumbi. Alilalamikia serikali zote zilizopita, na ile ambayo ilikuwa bado haijaja. Zaidi ya yote alilalamikia kifua chake, asubuhi na jioni, kwa muda wa miaka kumi na mitano, hadi watu wa nyumbani wakawa wanamwitikia kama watu wanavyoitikia redio. Jioni moja alisema kifua kinamuuma. Mwanawe, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, akamwambia, "Papa, tumesikia." Alipomletea chakula, mzee alikuwa amekwisha kufa kwenye kiti chake.

Kutokana na tukio hilo kijana angeweza kupata funzo la aina mbili. Angeweza kuamua kwamba anayelalamika asikilizwe. Muhigirwa aliamua kwamba malalamiko hayamsaidii mtu, kwa kuwa baba yake alilalamika miaka kumi na mitano na hayakumsaidia. Mwaka uliofuata aliokoka, akawasikia wahubiri wakieleza jinsi Wana wa Israeli walivyonung'unika jangwani na kufia huko huko, na jambo likawa limekamilika.

Alipomwoa Antoinette, binti wa Bukavu mwenzake, ambaye kila asubuhi huvuka daraja na beseni la nyanya na vitunguu kwenda kuuza upande wa pili, alimweleza sheria moja ya nyumba. Kila siku saa kumi na mbili jioni, kabla ya chakula, kila mtu aseme shukrani moja. Atakayelalamika ataanza upya, na lalamiko lake ataligeuza liwe shukrani. Shukrani zitaandikwa kwenye daftari, kwa tarehe na jina. Antoinette, ambaye siku hiyo viatu vilikuwa vimemchubua, alishukuru kwamba ana miguu.

Wakapata Ghislain, na baada ya miaka saba wakampata Elikia. Watoto wale waliijua sheria ya nyumba kabla ya kujua kusoma. Ghislain alipofika miaka kumi na tano alikuwa bingwa. "Niko nashukuru juu ya maharage," alisema jioni moja, uso umetulia kabisa, "kwa sababu jana pia ilikuwa maharage, na juzi, kwa hiyo hakuna muntu atasema hapa kwetu tunabadilika-badilika." Muhigirwa aliandika yote. Hakuwa mtu wa kutafuta kejeli ndani ya shukrani, kama vile hakuwa mtu wa kutafuta shukrani ndani ya malalamiko.

Elikia hakuwa na kejeli. Yeye aliamini.

Kulikuwa pia na mtihani. Mara mbili kwa mwaka, bila kutangaza siku, Muhigirwa alitia chumvi nyingi kwenye sahani za watoto, akakaa akiwatazama wakila. Aliyekula na kushukuru alikuwa amefaulu. Ghislain aliitambua siku ya mtihani kwa jinsi baba yake alivyokuwa akijikuna kidevu, akala huku akisifu jiko. Elikia alikula bila kujua kama ni mtihani au ni chakula, akashukuru kwa vyote.

Tarehe tisa Juni, mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya kile cheti, Elikia aliketi kwenye mkeka kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Papa, sikio inaniuma."

"Anza tena," alisema Muhigirwa, kalamu mkononi.

"Ni hii ya kushoto. Inaniuma tangu—"

"Elikia. Bana wa Israeli balifanya nini mu jangwa?"

"Balinung'unika."

"Balifika?"

"Hapana, Papa."

"Bon. Anza tena."

Mtoto alifikiri. Ilikuwa dhahiri kwamba anafikiri kwa bidii, kama mtu anayepewa hesabu ngumu mbele ya darasa na anataka kumfurahisha mwalimu. Kisha uso wake ukafunguka.

"Niko nashukuru Mungu juu ya sikio ya kulia. Yenyewe haiumi."

"Amina!" Muhigirwa alimtazama mkewe kwa fahari, akaandika: *9 Juni. Elikia anashukuru kwa sikio la kulia.* Hakuandika habari za sikio la kushoto, kwa kuwa daftari lilikuwa la shukrani.

Antoinette alisikia. Usiku alimtia mtoto matone mawili ya mafuta ya uto yaliyopashwa moto, kama mama yake alivyokuwa akimfanyia yeye. Wiki iliyofuata aliona doa la manjano kwenye mto, akaufua. Wiki ya tatu doa lilikuwa na harufu. Aliufua tena, akaukausha upande wa nyuma wa nyumba, akawaza kwamba atamwambia mume wake, na akawaza namna ya kumwambia bila kulalamika. Hakuipata. Kila alipojaribu kupanga sentensi ilitoka manung'uniko. Hatimaye alinunua mto mpya, na jioni ile Elikia alishukuru kwa mto mpya, na Muhigirwa aliandika. Maumivu nayo yalipungua, kama yanavyopungua wakati usaha umepata njia ya kutokea, na kila mtu, pamoja na Elikia, akachukulia kwamba shukrani imefanya kazi.

Kisha shukrani zake zikaanza kuwa nzuri. Hapo ndipo Komisheni ilipokuja kuvutiwa. Watoto wengi hushukuru kwa chakula na kwa likizo. Elikia alishukuru kwa utulivu. Alishukuru kwamba jogoo wa jirani amehama. Jogoo alikuwa hajahama. Alishukuru kwamba korali siku hizi inaimba kwa upole. Korali ilikuwa imenunua spika mbili mpya. Alishukuru kwamba mwalimu amemruhusu kukaa dawati la mbele kabisa, mahali anapouona vizuri mdomo wake. Shuleni alipata alama arobaini kwa arobaini za nidhamu, kwa sababu hakuongea na wenzake wakati wa somo wala hakugeuka walipomwita. Kwenye ripoti mwalimu aliandika: mtoto mtulivu sana. Wazazi walishukuru kwa ripoti.

Jambo moja lilimfurahisha Muhigirwa kuliko mengine yote.

Njia yake ya kufanya kazi ilijulikana soko zima. Mteja akileta mashine, Muhigirwa haifungui. Anamwambia mteja akanyage pedeli, kisha anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini anaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho, na kusikiliza. Anahamisha ncha, anasikiliza tena. "Hapa ndiyo iko nalia," anasema, na ni hapo hapo. Kwa miaka ishirini hajakosea zaidi ya mara tatu. Fundi Ridhwani, mshonaji wa kanzu na suti ambaye baraza lake limepakana na lake, alipenda kuwaambia wateja kwamba Muhigirwa ni daktari wa vyuma, na kwamba chuma kina bahati, kwa sababu chuma kinaruhusiwa kulia mbele yake.

"Ridhwani, wewe unacheka dini ya benzako," Muhigirwa alikuwa akimjibu.

"Sicheki dini, Mzee. Sisi pia tunashukuru, mara tano kwa siku tunainamisha vichwa. Lakini mutoto wangu akisema tumbo inauma, namupeleka kwa daktari, narudia kushukuru kisha."

Wakati wa likizo Elikia alianza kushinda kwenye baraza. Siku moja alichukua bisibisi ya baba yake, akaiweka kwenye mashine iliyokuwa ikizunguka, akabana mpini nyuma ya sikio. Akasimama vile vile, bila kupepesa macho. Halafu akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi ya mabasi bila kutegemea.

"Papa! Iko nasema!"

"Inasema nini?"

"Hapa chini. Iko nagonga, nagonga, inanyamaza, inagonga."

Muhigirwa alifungua. Chini, ndani ya kisanduku cha bobini, kile kijigurudumu cha uzi, kulikuwa na jino lililolika. Alimwinua mtoto juu mbele ya mafundi wote. Kuanzia siku hiyo Elikia hakutengana na bisibisi, ambayo nyumbani waliiita turnevisi. Aliiweka kwenye redio, kwenye meza, kwenye mtungi unaojazwa maji, kwenye mlango wakati mama yake anagonga. Jioni, wakati wa wimbo wa familia, aliiegemeza kwenye kifua cha baba yake akiimba, na baba akaimba kwa sauti kubwa zaidi. *Elikia anashukuru kwa turnevisi ya Papa.* Chini ya mstari huo Muhigirwa aliongeza wake: *Baba anashukuru kwa kuwa binti amerithi sikio lake.*

Hakuwepo mtu wa kumwambia kwamba mtoto ambaye sauti haipiti tena masikioni mwake bado anaweza kuipokea kwa mfupa. Na hata angekuwepo, Muhigirwa mwenyewe alikuwa ameitumia njia ya mfupa kwa miaka ishirini. Lakini yeye aliitumia kwa sababu chuma hakisemi kwa ufasaha, na hakuna kilichomfanya afikiri kwamba kwa binti yake sasa dunia nzima ilikuwa hivyo.

Basi ikaja Komisheni, ikasoma daftari, ikatangaza. Mwezi mmoja baada ya cheti, Jumamosi mchana, Elikia alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mabaraza mawili, ameyapa mgongo, akisafisha bobini kwa kitambaa. Ridhwani alikuwa akikata kitambaa cha suti. Mkasi wake, ule mkubwa wa fundi nguo, ukamponyoka na kuanguka kwenye sakafu ya saruji. Mafundi wote waliruka. Mteja mmoja akamtaja Mungu. Elikia aliendelea kusafisha bobini.

Ridhwani aliuokota. Alimtazama mtoto. Kisha, akiwa amesimama hatua moja nyuma yake, aliuachia tena makusudi.

Elikia aliinua bobini juu, akaipuliza vumbi.

"Mzee Muhi," Ridhwani alisema polepole, "huyu mutoto hasikie."

"Nani? Huyu?" Muhigirwa alicheka. "Huyu ana sikio kunipita mimi. Muulize kuhusu ile mashine yako ya zigzagi, nani aliitambua ugonjwa?"

"Sikuulize kuhusu mashine. Muite."

"Elikia!" Muhigirwa aliita, akiwa bado anacheka.

"Muite vizuri."

"Elikia! Wee, Elikia!"

Aliita mara ya nne akiwa hacheki tena. Fundi mmoja wa mwisho wa mstari aliitika, akidhani anatafutwa yeye. Elikia alikiona kivuli cha baba yake kikisogea sakafuni, akageuka, akakuta mabaraza mawili yote yanamtazama.

"Nimefanya nini, Papa?" aliuliza, kwa sauti kubwa mno. Wote walikuwa wamezoea kwamba Elikia anaongea kwa sauti kubwa. Walikuwa wakisema ni furaha.

Jioni ile Muhigirwa hakufungua daftari. Antoinette alipomwona ameliweka chini ya mkeka, alienda nyuma ya nyumba, akarudi na mto wa zamani, ule wa kwanza, ambao alikuwa ameuficha kwenye gunia la mkaa. Aliuweka mbele yake. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao mumewe hakumwambia aanze upya.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Angalia mu daftari yako," alisema Antoinette.

Kadi za mituweli, yaani bima ya afya, walikuwa nazo, na kituo cha afya kiko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Hilo linatajwa ili mtu asije akadhani tatizo lilikuwa umbali. Kituo kiliwatuma hospitali, hospitali ikawapa tarehe ya daktari wa masikio, ambaye hufika mara moja kwa mwezi. Walienda wote wanne. Muhigirwa alibeba daftari ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa hakuwahi kusafiri bila hilo, na Elikia alibeba bisibisi.

Daktari Uwase alikuwa mwanamke mwenye haraka na adabu, vitu ambavyo si rahisi kukaa pamoja. Aliingiza taa yake ndogo sikio la kushoto, akakaa muda mrefu. Akaingiza la kulia, akakaa muda mrefu zaidi. Kisha akavuta kiti, akaketi mahali ambapo mtoto anauona mdomo wake.

"Elikia, sikio lilianza kukuuma lini?"

"Haliumi, Daktari. Niko nashukuru."

"Sasa haliumi. Zamani liliuma?"

Elikia alimtazama baba yake.

"Usimtazame Papa. Nitazame mimi. Uchafu ulianza kutoka lini? Kizunguzungu unapata? Usiku linapiga kelele ndani? Ni lazima nijue, maana ugonjwa huu unakula mifupa midogo ya ndani, na nikijua umekula kwa muda gani nitajua kama la kulia tunaweza kuliokoa. La kushoto," aliinua macho kwa wazazi, "hilo tusizungumze kwa leo."

"Niko nashukuru," alisema Elikia, "juu ya taa. Ilikuwa ya moto kidogo, vizuri."

Muhigirwa alimwachia mkewe mfuko, akapiga magoti mbele ya kiti cha binti yake, ili uso wake uwe sawa na wake.

"Elikia. Lalamika."

"Papa?"

"Nakupa ruhusa. Sema kila kitu kilikuuma. Papa hatakasirika. Lalamika, mama."

Elikia alimchunguza. Alichunguza macho, mdomo, kisha kidevu, ambacho baba yake, kwa taabu aliyokuwa nayo, alikuwa akikikuna. Wote walioishi katika nyumba ile walijua maana ya kidevu kile. Ghislain alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipotaka kupiga kelele, kwa sababu aliona jinsi uso wa dada yake ulivyotulia, ukawa wa mtu anayeijua karatasi ya mtihani.

"Niko nashukuru Mungu," alisema Elikia kwa sauti kubwa na safi, "juu ya Papa na Maman, juu ya Daktari, na juu ya sikio ya kulia."

Alitabasamu. Alikuwa amefaulu.

Daktari aliweka kalamu mezani. Antoinette aligeukia ukuta. Ghislain ndiye aliyeinuka, akauchukua mfuko wa plastiki mapajani mwa mama yake, akatoa daftari.

"Daktari, andika. Mimi nitakutafsiria."

"Kutoka lugha gani?"

"Ya kwetu," alisema Ghislain, akafungua. "Tarehe tisa Juni, mwaka jana. *Anashukuru kwa sikio la kulia.* Maana yake, la kushoto liliuma. Nilikuwepo, alilia kabla hajaanza tena. Tarehe mbili Julai. *Anashukuru kwa mto mpya.* Maana yake, wa zamani ulikuwa na usaha."

"Endelea."

"Tarehe ishirini Septemba, *jogoo amehama.* Jogoo yuko, Daktari, hata leo ametuamsha; Elikia hulalia sikio la kulia. Tarehe kumi na moja Novemba, *anashukuru kwa sababu Mungu anamchezesha akiwa amesimama.*"

"Kizunguzungu," alisema daktari, akaandika.

"Januari, *korali inaimba kwa upole.* Machi, *anashukuru kwa sababu sikio la kulia limepata joto kama la mwenzake.*"

Kalamu ilisimama. "Machi tarehe ngapi?"

"Kumi na sita."

"Soma tena."

Ghislain alisoma tena. Muhigirwa, akiwa bado amepiga magoti, aliitambua sentensi ile. Aliikumbuka kwa sababu aliisifu; alisema siku ile kwamba ni shukrani ya mtu mzima.

"Na hii ya Julai mwaka huu, ya moto za Kamembe?" aliuliza daktari, ambaye sasa alikuwa amelivuta daftari upande wake.

"Hiyo," alisema Ghislain, "kanisa walitupatia cheti."

Daktari aliomba kubaki nalo. Alisema, bila kumlaumu mtu, kwamba katika kazi yake hajapata kuletewa historia ya ugonjwa iliyoandikwa vizuri namna hii, kwa tarehe, na kwamba wagonjwa wengi hawakumbuki. Muhigirwa aliitika kwa kichwa. Ghislain anasema baba yake alifungua mdomo na kwamba, kwa mazoea, neno la shukrani lilikuwa tayari kutoka, lakini halikutoka.

Walivuka msitu wa Nyungwe kwa basi, wakaenda hospitali kubwa, na Elikia alifanyiwa upasuaji wa masikio yote mawili katika miezi miwili tofauti. La kushoto lilisafishwa tu, ili lisimdhuru zaidi. La kulia liliachwa na nusu ya kazi yake. Madaktari walisema kama wangefika Machi lingebaki karibu lote.

Nyumbani, saa kumi na mbili jioni, Muhigirwa alileta sheria mpya. Kabla ya shukrani, kila mtu atoe lalamiko moja. Antoinette alipewa nafasi ya kwanza, akaanza na miguu yake, akaingia kwenye beseni, shingo, foleni ya darajani, miaka kumi na minane ya kuanza upya, na maharage yakapoa kabla hajafika nusu. Ghislain alisema yake atayaleta kwa maandishi. Ikafika zamu ya Elikia. Walimngoja. Aliwatazama midomo mmoja mmoja, kuhakikisha ameelewa.

"Sina, Papa."

Kesho yake hakuwa nalo. Wiki ya pili hakuwa nalo. Alipewa ruhusa, alibembelezwa, na Ghislain alimfundisha kama mtu anavyofundisha wimbo: sema, sitaki, sema, inaniuma. Alirudia maneno vizuri, kisha akaomba msamaha kwa Mungu kimya kimya, midomo ikimchezacheza.

Wiki ya tano Muhigirwa aliingia jikoni Antoinette akiwa ametoka, akatia chumvi kwenye sahani ya Elikia. Alitia vijiko vitatu vikubwa. Aliketi mbele yake, mikono ameiweka mapajani ili isiguse kidevu, akangoja. Elikia alikula kijiko cha kwanza na machozi yakamtoka. Muhigirwa alisogea mbele. Alikula cha pili, cha tatu. Alikula sahani yote, taratibu, akimtazama baba yake, na baba yake hakuweza kusema acha, kwa sababu alikuwa akitumaini kwamba kijiko kinachofuata ndicho kitakachomshinda. Alipomaliza alifuta sahani kwa kidole.

"Niko nashukuru," alisema, "juu ya maji." Akanywa vikombe vitatu.

Muhigirwa alitoka nje, akasimama kwenye baraza la nyumba yake hadi Antoinette alipokuja kumwita. Siku hizi anapofanya kazi sokoni hafumbi macho anaposikiliza mashine. Ridhwani aliligundua hilo, na hajalifanyia utani.

Agosti iliyofuata, Komisheni ya Familia iliandaa semina ya wazazi, chini ya kichwa kilekile cha mwaka uliopita: mtoto hurithi kwa wazazi mtazamo wa maisha. Maman Marguerite alimwandikia Ndugu Muhigirwa barua yenye mhuri, akimwomba alete lile daftari, ili nyumba nyingine nazo zijifunze. Muhigirwa alijibu kwa heshima kwamba daftari haliko kwake. Liko hospitali, kwenye faili la binti yake, na juu ya jalada daktari ameandika kwa kalamu nyekundu: *Historia ya ugonjwa, ukurasa 1 hadi 61.*